Programu ya mauzo imegoma kufunguka: kabla hujakubali kufomatiwa kompyuta

Swali: Habari za kazi fundi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Tabata Segerea. Natumia kompyuta ya mezani yenye Windows 10, na humo kuna programu ya mauzo na stoo niliyotengenezewa na kijana mmoja miaka mitatu iliyopita. Jumapili jioni Luku iliisha kompyuta ikiwa inawaka na programu iko wazi. Tangu Jumatatu asubuhi haifunguki. Nikiibofya mara mbili, kiduara kinazunguka kama sekunde mbili, kisha kimya. Hakuna hata ujumbe. Word na Excel zinafunguka vizuri. Kijana wangu wa dukani ameiondoa na kuiweka upya kwa flashi ileile ya mwanzo, hali haijabadilika. Fundi wa jirani anasema Windows imechoka, dawa yake ni kufomati na kupiga Windows upya. Madeni ya wateja yote yamo humo na aliyenitengenezea yuko Mwanza, kumpata kwa simu ni bahati. Nifanye nini?

Jibu: Mama, pole sana, na ahsante kwa swali lililonyooka. Wengi huniandikia maneno mawili tu, "programu haifunguki", kama mtu anayemwambia daktari "naumwa" halafu akanyamaza. Wewe umeeleza umeme ulizimika vipi, kiduara kinazunguka sekunde ngapi, nini kinafunguka na nini hakifunguki, na kijana ameshajaribu nini. Kwa maelezo hayo tu nina mtuhumiwa wangu tayari. Nitamtaja, lakini kwanza tuweke mali yako salama.

Mwambie fundi wa jirani asubiri. Kama Word na Excel zinafunguka bila tabu, Windows siye mgonjwa. Mgonjwa ni programu moja. Kufomati kompyuta nzima kwa ajili yake ni kuvunja nyumba kwa sababu kitasa cha chumba kimoja kimekwama, na vitasa wewe mwenyewe unauza, unajua bei yake. Tena kuna hatari ambayo huenda hakukueleza: mauzo yako karibu hakika hayako kwenye Documents. Yako kwenye folda za ndani ambazo hata ule mtindo wa Windows kujirudisha upya wa "Keep my files" hauzihesabu kuwa mali yako. Unabaki na picha za harusi, madeni yameondoka.

Hili silisemi kwa kusikia. Mwaka wangu wa pili wa ufundi, nikiwa na meza ya kukodi mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, nilipiga Windows upya mashine ya mzee mmoja muuza vitenge. Nilijiona mwangalifu: nilihamisha Documents, picha, hadi taarab zake. Programu yake ya hesabu ilikuwa inaweka kila kitu ndani ya folda yake yenyewe kule Program Files, ambako sikuchungulia. Mashine ilirudi ikiwa nyepesi kama mpya. Hesabu za miezi kumi na minne hazikurudi. Mzee hakunigombeza hata kidogo, alikunja risiti niliyomwandikia, akaitia mfuko wa shati, akaniaga kwa heshima. Ningependa angenigombeza.

Basi, nakala kwanza. Menyu za kompyuta yako bila shaka ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo majina nitayaandika kama utakavyoyaona kwenye kioo.

Programu nyingi za madukani zilizotengenezwa na vijana wetu huhifadhi data kwenye SQL Server Express, ambayo ni kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu, ya Microsoft inayotolewa bure. Nyingine, hasa za zamani, hutumia faili la Access. Kujua yako ni ipi, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kijisanduku kitatokea pembeni chini. Andika services.msc, piga Enter. Itakuja orodha ndefu ya huduma zinazofanya kazi kimyakimya ndani ya mashine. Shuka hadi herufi S utafute SQL Server (SQLEXPRESS). Kwenye mabano jina linaweza kuwa tofauti kidogo. Ukiikuta, angalia safu ya Status. Kama imeandikwa Running, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Stop. Kama haijaandikwa kitu, imelala tangu mwanzo; liweke hilo akilini, tutalirudia.

Unaizima kwa sababu faili la kanzidata haliwezi kunakiliwa likiwa linatumika. Ikishalala, fungua disk C, ingia Program Files, halafu Microsoft SQL Server, halafu folda ambayo jina lake linaanza na MSSQL na kuishia na SQLEXPRESS, ndani yake MSSQL, ndani yake DATA. Windows itakuuliza ruhusa, bofya Continue. Nakili folda yote ya DATA kwenye flashi. Usichambue. Ndani yake kuna mafaili yanayokwenda mawili mawili, moja linaishia na .mdf na jingine na .ldf, na ukichukua moja ukaacha mwenzake unaweza kujutia. Ukimaliza rudi kule kwenye huduma, bofya Start. Kama hukuikuta SQL kabisa, tafuta kwenye disk C mafaili yanayoishia na .accdb au .mdb, nakili hayo.

Flashi hiyo mpe mwanao akae nayo nyumbani. Sasa hata kompyuta ikianguka kutoka juu ya meza, una pa kuanzia.

Tuje kwenye ugonjwa. Neno "haifunguki" linaficha hali tatu ambazo hazina undugu. Kuna programu ambayo haianzi kabisa. Kuna inayoanza ikafa njiani. Na kuna ambayo imeanza, iko hai, lakini huioni. Dawa ya moja haimsaidii mwenzake, ndiyo maana kubahatisha kunachosha. Kuzitofautisha kunachukua dakika moja: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikiwa ndogo, bofya More details, kisha nenda kwenye kichwa cha Details. Bofya neno Name ili majina yajipange kwa alfabeti. Isogeze pembeni, halafu ibofye programu yako huku macho yako yakiwa kwenye orodha.

Kama jina la programu linatokea na kutoweka ndani ya sekunde mbili tatu, imekufa njiani. Kwa maelezo yako, nadhani ndicho utakachoona.

Programu ikifa kimya, haikufa bila kuacha barua. Windows hurekodi vifo vingi kwenye daftari liitwalo Event Viewer. Bonyeza tena Windows na R, andika eventvwr.msc. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, kisha Application. Katikati utaona mistari mingi. Wewe tafuta yenye duara jekundu na neno Error, iliyoandikwa saa ileile uliyobofya programu. Usitishwe na nyekundu nyingine, kompyuta yoyote nzima kabisa ina nyekundu kibao humo. Saa ndiyo muhimu.

Kwa programu kama yako utakuta mistari miwili iliyofuatana. Mmoja umetoka kwa Application Error, namba 1000. Mwingine umetoka kwa .NET Runtime, namba 1026. Huu wa 1026 ndio wenye maneno. Ubofye, soma kisanduku cha chini, tafuta panapoandikwa Exception Info. Ule wa 1000 mara nyingi utataja faili liitwalo KERNELBASE.dll, na hapa watu wengi hupotea: wanaingia intaneti kutafuta KERNELBASE.dll "mpya" ya kupakua. Faili hilo halina kosa lolote. Ni kama mlinzi aliyepiga filimbi. Ukimkamata yeye mwizi anaendelea na safari.

Sasa mtuhumiwa wangu. Kama kwenye mstari wa 1026 utaona neno refu ConfigurationErrorsException, au maelezo yanayosema kuna 0x00 kwenye Line 1, position 1, au Root element is missing, basi kesi imekwisha. Faili la mipangilio ya programu limeharibika wakati umeme ulipozimika.

Niieleze vizuri, kwa sababu inajibu pia fumbo la kijana wako kuiweka upya bila mafanikio. Programu za aina hii zina sehemu tatu zinazokaa mahali tofauti. Kuna programu yenyewe, inayokaa Program Files. Kuna data, tuliyoinakili. Na kuna kifaili kidogo cha mipangilio kinachokumbuka umechagua printa gani, dirisha lilikuwa na ukubwa gani, kanzidata iko wapi. Hiki kinakaa kwenye akaunti yako ya Windows, kwenye folda iliyofichwa iitwayo AppData, na kwa kawaida jina lake ni user.config. Ukiondoa programu, Windows inaondoa ile sehemu ya kwanza tu. Mipangilio inaachwa makusudi, ili siku ukiirudisha usianze upya kupanga kila kitu. Kijana aliondoa sehemu nzima, akaweka nyingine nzima, na ile mbovu ikabaki palepale ikisubiri. Angeirudia mara kumi, ingekufa mara kumi.

Na umeme unahusika hivi. Programu ikihifadhi mipangilio, Windows haiandiki kwenye disk papo hapo. Inaandika kwanza jina na ukubwa wa faili kwenye orodha yake, na maandishi yenyewe yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda yakisubiri zamu. Ni kama karani aliyeandika kwenye faharasa "ukurasa wa 12, hesabu za Jumapili", halafu taa zikazimika kabla hajaufungua ukurasa wa 12. Kesho yake faharasa inasema hesabu zipo, ukurasa ni mweupe. Windows hulinda sana faharasa yake isivurugike. Maandishi ya ndani ya mafaili hailindi kwa kiwango hicho. Programu ikiamka asubuhi inafungua mipangilio, inakuta sifuri tupu, na kama aliyeitengeneza hakuifundisha la kufanya, inaanguka kabla hata ya kuchora dirisha. Ndiyo maana huoni ujumbe: haijafika mahali pa kuweza kusema.

Kanzidata, kwa bahati, imelelewa vingine. SQL Server huandika kwanza kila badiliko kwenye lile faili la .ldf kabla ya kusema "nimehifadhi", na ikiamka baada ya umeme kuzimika hulipitia faili hilo kurekebisha kilichokatikia njiani. Kwa hiyo usidhani kwamba kama programu imekufa na madeni yamekufa. Mara nyingi kilichokufa ni kile kisicho na thamani.

Ukitaka uhakika kabla ya kugusa chochote, kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote: tengeneza akaunti nyingine ya Windows. Settings, Accounts, halafu Family & other users, Add someone else to this PC. Ipe jina lolote, "jaribio" linatosha. Toka kwenye akaunti yako, ingia hiyo mpya, ibofye programu. Akaunti mpya haina mipangilio ya zamani. Programu ikifunguka huko, au hata ikifunguka na kuuliza kanzidata iko wapi, umeshathibitisha kwamba tatizo liko kwenye mipangilio ya akaunti yako na si kwingine. Umetumia dakika tano, hujalipa mtu.

Kisha rudi kwenye akaunti yako tutengeneze. Windows na R tena, andika %localappdata% pamoja na alama zote mbili za asilimia. Folda nyingi zitafunguka. Tafuta yenye jina la programu yako, au la aliyeitengeneza, au la kampuni yake. Vijana huandika wanavyotaka. Ndani yake kutakuwa na folda yenye jina refu lisilosomeka, ndani yake namba za toleo kama 1.0.0.0, na humo user.config. Lifungue kwa Notepad. Faili lisilo na kasoro linaanza na alama ya < na maneno ya xml. Lako nadhani utalikuta jeupe, lakini si tupu: ukibonyeza mshale wa kulia, kile kistari kinachometa kitatembea na kutembea juu ya weupe. Hizo ndizo sifuri. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado hunishangaza kidogo, faili lina uzito kamili na halina hata herufi.

Usilifute. Funga Notepad, rudi juu hadi ile folda yenye jina la programu, ibofye kulia, chagua Rename, ongeza mwishoni neno _zamani. Nasema kubadilisha jina badala ya kufuta kwa sababu kuna watengenezaji wachache wanaoweka hadi data humo, na sitaki yaliyompata mzee wa vitenge yakupate wewe. Sasa ibofye programu. Haitaikuta mipangilio, itatengeneza mipya, itafunguka. Huenda ikakuuliza jina la seva. Kama SQL yako iko kwenye kompyuta hiyohiyo, jibu la kawaida ni nukta, mkwaju wa kurudi nyuma, na SQLEXPRESS, yaani .\SQLEXPRESS. Chagua tena printa yako ya risiti. Fungua ukurasa wa madeni, linganisha na mteja mmoja unayemkumbuka vizuri.

Hapo nadhani safari yako imeisha. Ila mimi sipo mbele ya kompyuta yako, kwa hiyo nikupitishe na njia nyingine, ikiwa Task Manager itakuonyesha tofauti.

Kama jina la programu linatokea kwenye orodha na kukaa, haijafa, inasubiri kitu. Kitu cha kwanza kukisubiri ni kanzidata. Hapa saa yako inasaidia: programu za aina hii zikimtafuta SQL bila kumpata, kwa kawaida huvumilia hadi sekunde 15 ndipo zikate tamaa. Zako ni mbili, ndiyo maana sikuanza na hili. Lakini kama ulikuta huduma ya SQL imelala, iamshe kwa Start ujaribu tena. Inapolala kila kompyuta ikiwashwa, sababu ya kawaida kwenye mashine zetu za mtumba zenye disk ya kuzunguka ni uzito wa asubuhi: Windows huipa kila huduma sekunde 30 iwe imeitika, na disk iliyochoka haiwahi. Ibofye kulia, Properties, badilisha Startup type iwe Automatic (Delayed Start). Itaanza kama dakika mbili baada ya wenzake, kukiwa kumetulia. Usiguse programu hadi hapo; nunua chai. Ikikataa hata kwa mkono, angalia kwanza kama disk C imejaa. Na kama mtu akiifungua kanzidata akakuta imeandikwa Suspect, asiguse kitu kingine. Hapo ni zamu ya kijana wa Mwanza, mpate kwa njia yoyote, na nakala yako iwe mkononi.

Kitu cha pili kinachosubiriwa, na wachache hukifikiria, ni printa. Programu nyingi zikiamka huiuliza printa kuu ukubwa wa karatasi zake. Printa ya mtandao iliyozimwa haijibu, na programu inakaa mlangoni ikibisha hodi. Badilisha printa kuu kwa muda iwe Microsoft Print to PDF, jaribu.

Halafu kuna iliyo hai na isiyoonekana. Dada mmoja wa duka la dawa Sinza alinilipia bodaboda kwa ajili ya programu "iliyokufa" ambayo ilikuwa mzima wa afya, imefunguka kwenye televisheni ambayo mumewe alikuwa ameichomoa na kuihamishia sebuleni siku mbili nyuma. Windows ilikuwa bado inachora dirisha kule ambako hapakuwa tena na kioo. Bofya alama ya programu chini ili iwe imechaguliwa, bonyeza Alt na Space, kisha herufi M, kisha mshale wowote mara moja, halafu sogeza mausi: dirisha litafuata mausi hadi ndani. Na ikiwa orodhani unaona jina la programu mara mbili au tatu, hayo ni mabaki ya mibofyo yako ya awali. Yamalize kwa End task yote, kisha bofya mara moja tu. Kubofya mara saba kwa hasira hakuifungui programu, kunaipangia foleni.

Kama jina halitokei hata kidogo, fikiria antivairasi. Programu ya kijana wa mtaani haina sahihi ya kidijitali ya kampuni kubwa, na Windows Security ikiitilia shaka huiweka kizuizini bila kelele. Ingia Virus & threat protection, kisha Protection history. Ukiikuta humo, na una hakika ilitoka kwa aliyekutengenezea wala si kwa flashi iliyozunguka steshenari zote za Tabata, irudishe kwa Restore. Hiyo "kama una hakika" usiiruke.

Angalia na saa ya kompyuta, kona ya kulia chini, pamoja na mwaka. Kompyuta za mezani zilizotumika zinakuja na betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi ambayo imeshachoka, na umeme ukizimika ukutani kompyuta inasahau tarehe. Programu yenye leseni ikiona iko miaka kadhaa nyuma inagoma, na tovuti za benki nazo zinakataa. Betri hiyo ni ya duara, ukubwa wa sarafu, na maduka ya saa Kariakoo wanayo.

Mwenye kuona ujumbe, kwa mfano kwamba VCRUNTIME140.dll haipo, ana bahati kuliko wewe: anaweka Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft wenyewe, ya x86 na ya x64 zote mbili, basi. Asipakue faili moja moja la dll kwenye tovuti za ajabu. Na watakaokuambia uendeshe sfc /scannow, haidhuru, ila inakagua mafaili ya Windows, ambayo tumeshakubaliana hayana kesi. Wala kumalizika kwa huduma ya Microsoft kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, hakufungi programu yoyote. Kunakunyima viraka vya usalama, jambo la kulifikiria siku nyingine.

La mwisho ni umeme. Ulichonacho chini ya meza, nimeona maduka mengi, huenda ni stabilaiza. Hiyo inapoza umeme unaopanda na kushuka. Ukizimika, nayo inazimika. Unahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda ukizimika. Ya VA 650 inatosha kompyuta yako na kioo kwa dakika chache, na hizo dakika si za kuendelea kuuza, ni za kufunga programu na kuzima kwa adabu. Printa ya leza usiichomeke humo, inaikamua UPS ikazima yote.

Ukikuta kwenye Event Viewer maneno tofauti na niliyoyataja, nipigie picha kile kisanduku cha chini cha mstari wa 1026, chote, kuanzia Application hadi mwisho, kikiwa kinasomeka. Picha ya ikoni isiyofunguka sina la kuifanyia.